Kufuga Matumbawe Nyumbani: Kazi ya Lindo Isiyo na Likizo

Tangu mwezi wa Machi 2007, askari wengi wa nchi yetu ya Uganda wamepata kuiona Bahari ya Hindi kwa macho yao wenyewe, walipopelekwa Mogadishu katika kazi ya kulinda amani chini ya bendera ya Umoja wa Afrika. Waliotembea katika mitaa ya kale ya mji huo wameona majumba yaliyojengwa kwa mawe meupe yenye vitundu vingi. Mawe hayo ni matumbawe, na kila jiwe ni kazi ya wanyama wadogo wasio na macho wala mikono, ila kinywa na minyiri. Katika makala yetu ya leo twapenda kuwaeleza ndugu wasomaji habari za watu wanaowafuga wanyama hao majumbani mwao, ndani ya matangi ya kioo, na hasa jinsi wanavyoyatunza maji na jinsi wanavyowalisha.

Huenda askari akauliza: habari hiyo yatuhusu nini sisi tukaao bara, ambao maji yetu ni ya maziwa na mito? Jibu letu ni kwamba yatuhusu kwa mambo mawili. Jambo la kwanza ni kuwa matumbawe ya dunia yamo hatarini, na maarifa yaliyopatikana katika matangi ya nyumbani yameanza kutumika kuyaokoa. Jambo la pili ni kuwa biashara ya matumbawe hupita katika viwanja vya ndege na vituo vya mipakani, mahali ambapo jicho la askari lahitajika. Zaidi ya hayo, ufugaji wenyewe ni kazi ya nidhamu. Aujuaye utaratibu wa lindo atauelewa upesi kuliko mtu mwingine.

MNYAMA AJENGAYE MWAMBA

Tumbawe tulionalo kama jiwe moja kwa kawaida ni kundi la wanyama wengi walioungana. Kila mmoja ana umbo la mfuko mdogo, na juu ya mfuko huo pana kinywa kilichozungukwa na minyiri yenye sumu ya kunasia mawindo. Chini yake mnyama huyo hujijengea kikombe cha jiwe kwa kuchota kalsiamu na kaboneti zilizoyeyuka katika maji ya bahari na kuzigandisha pamoja. Huongeza tabaka juu ya tabaka, na baada ya karne nyingi kazi hiyo huwa mwamba wa kuvunja mawimbi na makao ya samaki wasiohesabika.

Ndani ya nyama ya mnyama huyo wamo wapangaji, nao ni mwani mdogo sana usioonekana kwa macho matupu. Mwani huutumia mwanga wa jua kutengenezea sukari, na sehemu kubwa ya sukari hiyo humpa mwenye nyumba. Mwenye nyumba naye humpa mpangaji makao, pamoja na taka za mwilini mwake ambazo kwa mwani ni mbolea. Joto likizidi, mapatano hayo huvunjika. Mwani hutolewa nje, na tumbawe hubaki jeupe kama mfupa. Wataalamu wanahesabu kwamba hatari huanza pale joto la maji lipitapo kwa digrii 1 tu ya Sentigredi wastani wa mwezi wenye joto kuliko yote wa mahali hapo, likadumu hivyo kwa majuma kadhaa. Tumbawe jeupe halijafa bado, lakini lina njaa. Joto lisipopungua mapema, litakufa.

Yafaa msomaji akumbuke mambo hayo mawili, yaani ujenzi wa jiwe na upangaji wa mwani, maana shughuli yote ya mfugaji hutokana nayo. Kwa ajili ya ujenzi, hana budi kurudisha majini kila siku kile ambacho wanyama wamekichota. Kwa ajili ya mwani, hana budi kuhakikisha kuwa mwanga, joto na usafi wa maji havibadiliki ovyo.

WALIOTANGULIA

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba matumbawe hayawezi kuishi mbali na bahari. Mwaka 1961 Lee Chin Eng, mkazi wa Jakarta katika Indonesia, alitangaza njia yake ya kutumia mawe hai kutoka baharini, maji ya bahari, mwanga na mapovu ya hewa. Mwaka 1973 Peter Wilkens alichapisha kwa Kijerumani kitabu kilichoeleza namna ya kuwapa wanyama hao kalsiamu kwa maji ya chokaa. Katika miaka ya 1980 wafugaji wa Berlin, akiwamo Dietrich Stüber, waliyaunganisha mambo manne: mawe hai, taa kali, mtambo wa kutoa povu, na maji ya chokaa. Njia yao yaitwa njia ya Berlin hata leo. Stüber alizoea kukata vipande vya tumbawe lake na kuwagawia wenzake, nao wakakuza na kugawa vilevile, hata kizazi cha tumbawe moja kikaenea katika matangi mengi ya Ulaya na Marekani bila kuing'oa bahari tena.

Mawe hai tuliyoyataja si mawe yenye pumzi. Ni vipande vya mwamba ambavyo ndani ya vitundu vyake wamejaa bakteria na vidudu vya bahari. Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula huoza na kutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wa aina moja huigeuza amonia kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu. Bakteria wa aina nyingine huigeuza naitraiti kuwa naitreti, isiyo na madhara makubwa ikiwa kidogo. Kazi ya kuwakuza bakteria hao huchukua kwa kawaida majuma manne hadi sita. Mfugaji anayetia wanyama tangini siku ileile alipolijaza maji huwapeleka mahali pasipo na ulinzi.

MAJI YA BAHARI YASIYOTOKA BAHARINI

Katika kila kilo moja ya maji ya bahari mna takriban gramu 35 za chumvi. Lakini chumvi hiyo si ya jikoni peke yake. Ndani yake mna magnesiamu, kalsiamu, potasiamu, salfeti na vitu vingine vingi kwa uwiano usiobadilika sana toka bahari hata bahari. Kwa sababu hiyo mkazi wa bara hawezi kutumia chumvi yoyote aionayo sokoni. Chumvi ya Katwe, kwa mfano, ni mali kubwa ya nchi yetu, lakini imetoka katika ziwa lenye magadi na salfeti nyingi, na uwiano wake ni mbali na ule wa bahari. Mfugaji hununua chumvi iliyochanganywa makusudi kwa matangi ya bahari. Huyeyusha takriban gramu 36 hadi 40 kwa kila lita, kulingana na chumvi yenyewe, kisha hupima kabla ya kuyatumia maji hayo.

Maji matamu ya kuyeyushia nayo yahitaji uangalifu. Maji ya bomba hutiwa klorini ya kuua vijidudu, tena huweza kuwa na shaba iliyotoka katika mabomba. Shaba kidogo tu, isiyomdhuru mtu, huwaua wanyama wasio na uti wa mgongo. Maji ya mvua yaliyopita juu ya bati yaweza kubeba zinki. Kwa hiyo wafugaji hutumia maji yaliyosukumwa kwa nguvu katika chujio jembamba sana, au maji yaliyotoneshwa kwa mvuke.

Vipimo vinavyotakiwa ni hivi. Joto liwe kati ya digrii 25 na 26. Chumvi iwe sehemu 35 katika elfu. Kalsiamu iwe kati ya miligramu 400 na 450 kwa lita. Magnesiamu iwe kati ya miligramu 1,250 na 1,350 kwa lita. Nayo huizuia kalsiamu isigande ovyo kabla wanyama hawajaitumia. Ualkali, yaani akiba ya kaboneti na bikaboneti iliyomo majini, uwe kati ya digrii 7 na 10 za Kijerumani. Bahari yenyewe ina kama digrii 7. Kipimo cha pH kiwe kati ya 8.0 na 8.4. Amonia na naitraiti zisiwepo kabisa.

Hapa ndipo wanaoanza wengi hupotea. Hudhani kuwa ushindi ni kuipata namba iliyo bora kuliko zote, nao hushinda wakitia dawa asubuhi na jioni wakiifukuza namba hiyo. Wenye ujuzi husema kinyume chake: tangi lenye ualkali wa digrii 8 kila siku ni salama kuliko tangi lililo na digrii 7 leo, 10 kesho na 8 kesho kutwa. Baharini namba hizo hukaa karibu mahali pamoja. Tumbawe lina uvumilivu mdogo kwa mabadiliko ya ghafla. Ndiyo maana kanuni ya wafugaji ni kuusahihisha ualkali kwa digrii 1 tu kwa siku, isizidi, hata kama upungufu ni mkubwa.

HESABU YA KILA SIKU

Tuchukue mfano wa tangi la lita 200. Tukiondoa nafasi iliyochukuliwa na mawe na mchanga, maji yenyewe ni kama lita 160. Maji hayo hupungua kila siku kwa kupanda mvuke. Tuseme hupungua lita 3. Kinachoondoka ni maji matamu peke yake, chumvi hubaki. Mwenye tangi akisahau kwa siku tano, maji yatakuwa yamebaki lita 145, na chumvi itakuwa imepanda toka sehemu 35 hata karibu sehemu 39 katika elfu. Kwa hiyo kila siku hujaliza kwa maji matamu, wala si kwa maji ya chumvi. Kosa la kujaliza kwa maji ya chumvi ni dogo kwa siku moja, na kwa mwezi mmoja ni maangamizi.

Sasa tutazame ujenzi wa jiwe. Matumbawe hutumia kalsiamu na ualkali kwa pamoja, kwa uwiano maalumu: kwa kila digrii 1 ya ualkali, kalsiamu hupungua kama miligramu 7 kwa lita. Uwiano huu ni msaada mkubwa. Mfugaji akipima ualkali leo jioni, akaacha kutia kitu chochote, akapima tena kesho jioni saa ileile, tofauti ya namba hizo mbili itamwambia wanyama wake wamejenga kiasi gani. Tuseme ualkali umeshuka kwa digrii 1. Katika lita 160, kuurudisha kwataka takriban gramu 5 za bikaboneti ya soda, ule unga mweupe watumiao waoka mandazi. Asichukue ule unga wa kuumulia keki uliochanganywa na asidi na wanga. Kuirudisha kalsiamu iliyokwenda pamoja nao kwataka kiasi cha gramu 4 za kloridi ya kalsiamu. Vitu hivyo viwili visitiwe mahali pamoja kwa wakati mmoja, kwani vitagandana majini na kuwa unga mweupe usiomfaa mtu. Kimoja hutiwa kwanza, na kingine baada ya muda, mahali ambapo maji yanakwenda kasi.

Idadi hizo ni ndogo, na mtu aweza kuzidharau. Lakini gramu 5 zikikosekana kila siku kwa juma moja, ualkali wa digrii 8 utakuwa umeporomoka kupita nusu, na ncha za matumbawe zitaanza kuchunika nyama.

CHOKAA

Njia ya chokaa hufanya kazi zote mbili kwa pamoja. Chokaa safi ikikorogwa katika maji matamu na kuachwa itulie, maji ya juu yaliyo meupe na maangavu huwa na kalsiamu na alkali kwa uwiano uleule ambao tumbawe hutumia. Kwa tangi tulilolitaja, lita moja na nusu hivi ya maji hayo yatosha kurudisha digrii 1 ya ualkali pamoja na kalsiamu yake. Kwa kuwa tangi hupoteza lita 3 kwa mvuke, mfugaji huyatumia maji ya chokaa kujalizia, akayaacha yadondoke tone baada ya tone usiku kucha. Usiku ndio wakati wake, maana gizani pH ya tangi hushuka, na maji ya chokaa huipandisha.

Watu wa pwani yetu ya Afrika Mashariki wanayo habari ndefu ya chokaa. Kuanzia Lamu hata Unguja, waashi walichoma mawe ya matumbawe katika matanuru ya kuni wakapata chokaa ya kujengea misikiti na majumba. Hata hivyo tunaonya kuwa chokaa ya ujenzi isitiwe tangini, kwa sababu haikusafishwa kwa ajili hiyo. Maji ya chokaa yana pH inayopita 12. Huunguza ngozi na huweza kupofusha macho. Yawekwe mbali na watoto, na mwenye kuyashika avae glavu na miwani.

CHAKULA NA KIASI CHAKE

Ijapokuwa mwani humpa mnyama sukari nyingi, mtu hajengi mwili kwa sukari pekee. Tumbawe lahitaji nyama, ambayo baharini hulijia usiku kwa umbo la vidudu vidogo vinavyoelea. Ndipo minyiri iliyojificha mchana hutoka. Kwa hiyo mfugaji mwenye busara hulisha kama saa moja baada ya kuzima taa, mara mbili au tatu kwa juma.

Chakula kinachotumiwa sana ni watoto wa uduvi mdogo wa maziwa ya chumvi aitwaye Artemia. Mayai yake makavu huuzwa katika makopo. Yakitiwa katika maji ya chumvi yenye joto la digrii 28 hivi, pamoja na mwanga na hewa, huanguliwa kwa muda wa saa 24. Yafaa kuwalisha mapema, maana watoto hao huzaliwa na akiba ya kiini cha yai, nayo hupungua saa kwa saa. Matumbawe yenye vinywa vikubwa hupewa pia vipande vidogo vya samaki au kamba, visivyozidi ukubwa wa punje ya mchele.

Namna ya kulisha ni hii. Pampu husimamishwa kwa dakika 10 hadi 15 ili chakula kisichukuliwe na mkondo. Chakula huvutwa katika bomba la sindano lililoondolewa sindano, kikapulizwa polepole juu ya minyiri. Minyiri ikikishika, huonekana ikijikunja kuelekea kinywani. Baada ya hapo pampu huwashwa tena, na jambo hili lisisahauliwe, kwani maji yaliyosimama huishiwa hewa.

Yapo matumbawe yasiyo na mwani kabisa, kama yale ya rangi ya machungwa ya jamaa ya Tubastraea, yanayopatikana pia katika Bahari ya Hindi. Hayo hayana mpangaji wa kuwapikia. Kila kinywa sharti kilishwe mara kwa mara kwa mkono wa mfugaji, la sivyo tumbawe hukonda taratibu hata likafa chini ya taa nzuri na katika maji safi. Asiye na nafasi ya kulisha hivyo asilinunue.

Lakini kila kijiko cha chakula ni deni. Kisicholiwa huoza, na hata kilicholiwa hutoka kama taka. Naitreti na fosfeti huongezeka. Fosfeti ikizidi huzuia ujenzi wa jiwe, na magugu ya mwani hufunika kila kitu. Hapo husaidia mtambo wa povu: hewa hupulizwa katika bomba la maji, taka hushikamana na mapovu, na povu chafu hupanda na kumwagikia katika kikombe ambacho mfugaji hukimwaga. Kadhalika hubadilisha sehemu moja ya kumi ya maji kila juma au kila majuma mawili.

Zamani wafugaji walijitahidi kuziondoa naitreti na fosfeti zote pasibaki kitu. Siku hizi yajulikana kuwa hilo nalo ni kosa, kwani mwani uliomo ndani ya tumbawe huzihitaji kwa kiasi. Wengi sasa huacha naitreti ya miligramu 2 hadi 10 kwa lita, na fosfeti ya miligramu 0.03 hadi 0.1. Tumbawe hufa kwa uchafu, na hufa pia kwa njaa ndani ya maji masafi mno.

DAFTARI LA ZAMU

Mfugaji hodari hutambulikana kwa daftari lake kabla ya tangi lake. Kila asubuhi huandika joto, kiasi cha maji aliyojaliza, na kama pampu zote zinazunguka. Mara mbili au tatu kwa juma huandika ualkali, saa ileile. Kila juma huandika chumvi, kalsiamu, naitreti na fosfeti. Magnesiamu yatosha mara moja kwa mwezi. Tena huandika alichokiona: minyiri imetoka au imejificha, rangi imefifia, samaki amekosekana.

Askari polisi ajuaye kazi ya daftari la matukio haitaji kuelezwa faida yake. Namba moja peke yake haisemi mengi. Namba kumi zilizofuatana huonyesha mwendo, na mwendo huonyesha hatari kabla haijafika. Aidha, mwenye daftari aweza kumkabidhi mwenzake zamu. Asiye na daftari akiitwa safarini, tangi lake halina mlinzi hata kama nyumba imejaa watu.

Kuhusu umeme, ambao katika miji yetu hukatika mara kwa mara, twashauri kila mwenye tangi awe na pampu ndogo ya hewa itumiayo betri. Maji yakisimama usiku, wanyama wote pamoja na mwani hupumua hewa ileile, nayo huisha katika saa chache. Mwisho wa tahadhari zetu ni sumu: wapo jamaa wa matumbawe laini waitwao Palythoa, ambao wengine wao wana sumu kali iitwayo palitoksini. Washikwe kwa glavu, na mawe yao yasichemshwe kamwe, kwa kuwa mvuke wake umekwisha kuwalaza watu hospitalini katika nchi mbalimbali.

FAIDA KWA BAHARI

Mwaka 1998 joto la bahari liliyaangamiza matumbawe mengi katika upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi, pamoja na yale ya Kenya, Tanzania, Shelisheli na Maldivi. Mwezi wa Aprili 2024 wataalamu walitangaza kuwa dunia imo katika msiba wa namna hiyo kwa mara ya nne, na kwamba umezikumba bahari zote kubwa zenye matumbawe.

Tutoe mfano wa Florida katika Marekani. Mwezi wa Julai 2023 kipimo kilichowekwa katika ghuba ya Manatee kilionyesha joto la zaidi ya digrii 38, ambalo ni joto la maji ya kuogea. Katika mwamba wa Sombrero, wahifadhi wa shirika la Coral Restoration Foundation waliofika tarehe 20 Julai waliripoti kuwa matumbawe waliyokuwa wameyapanda huko yote yamekufa. Ndipo mashirika mbalimbali yalipoanza kuyahamisha matumbawe kutoka bustani za baharini na kuyapeleka nchi kavu. Maelfu yaliingizwa katika matangi, yakiwamo ya maabara ya Keys Marine Laboratory, kukaa humo hata bahari ipoe. Waliyoyafanya watu wale ndiyo haya tuliyoyaeleza: kupima joto, kuangalia ualkali, kulisha, kusafisha, kuandika na kupokezana zamu.

Katika London, makumbusho ya Horniman yalianza mwaka 2012 kazi ya kuyafanya matumbawe yatoe mayai ndani ya tangi kwa kuiga majira ya joto, urefu wa mchana na mwezi wa usiku. Mwaka 2019 The Florida Aquarium, kwa kushirikiana na Horniman, ilifaulu kulifanya tumbawe la nguzo la Karibiani litoe mayai ndani ya maabara, jambo ambalo halikuwa limetokea kabla. Tumbawe hilo lilikuwa limekaribia kutoweka katika bahari ya Florida. Hivyo elimu iliyoanzia katika sebule za Jakarta na Berlin imekuwa njia ya kurudisha uhai baharini.

WAJIBU WA ASKARI

Mizani ina upande wa pili. Matumbawe mengi yanayouzwa duniani bado hung'olewa baharini, na mengi hufa njiani au katika mikono ya watu wasiojua hata kipimo kimoja kati ya tulivyovitaja. Kwa ajili hiyo matumbawe ya mawe yote yameandikwa katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES, ambao Uganda ni mwanachama wake. Maana yake ni kwamba hayavuki mpaka kati ya nchi na nchi bila kibali cha serikali ya nchi yalikotoka. Chaza wakubwa wa matumbawe nao wamo katika orodha hiyo. Askari wa Entebbe, Busia au Malaba akikuta mzigo wa mifuko ya maji ya chumvi yenye vipande vya mawe yenye nyama, na aulize kibali. Tumbawe lililokufa na kukauka, lililobebwa kama pambo, laweza kudai kibali hichohicho.

Hali kadhalika askari arudiye kutoka pwani asilete kipande cha mwamba kuwa ukumbusho. Mwamba huo ulijengwa kwa gramu chache kwa siku, na wanyama ambao hawakupata kuacha zamu yao kwa karne nyingi. Anayetaka kuwafuga na aanze kwa vipande vilivyokuzwa katika matangi, kama alivyogawa Stüber. Na kabla ya kununua hata kimoja, na alijaze tangi maji, apime kwa majuma sita, na aandike. Akiona daftari limemchosha kabla ya wanyama kufika, basi amejua mapema, na hakuna kiumbe kilichokufa.